Barua kwa Mwanangu: Sebule ni ya Kukaliwa

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Umepaka sebule ya Mbezi Beach kijivu, umeweka tailizi nyeupe na jipsamu, na bado unajiona uko mapokezi ya hoteli. Unauliza upake rangi gani.

Rangi tuiache kwanza. Nilipokuja Idi nilisikia sauti zetu zikigonga ukuta na kurudi. Tailizi, kioo na jipsamu havimezi sauti. Tandika zulia nene, tundika mapazia mazito, utasikia tofauti siku hiyohiyo. Na hizo balbu nyeupe za kelvini 6500 (ndicho kipimo cha rangi ya mwanga) zitoe, tafuta za 2700 au 3000. Mwanga wa manjano jioni unampa mtu hamu ya kukaa. Sebule ni ya kukaliwa, mwanangu.

Kochi letu la mninga unalijua, ila siku linatoka Keko kwa mkokoteni wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Ngazi za fleti ya Upanga zikalikataa pale kwenye kona. Vijana wa jirani wakalifunga kamba, wakalivuta kupitia roshani, bibi yako huku chini anapiga vigelegele kama anapokea bi harusi! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Na pale kwenye mkono wa kushoto, marehemu babu yako alipozoea kuweka kikombe chake cha kahawa kila alasiri, pamebaki duara jeusi. Fundi alitaka kulipiga msasa. Nilimkatalia katakata.

Utasema mambo ya zamani hayo, nyumba mpya inataka nafasi. Ni kweli, msongamano nao unachosha. Kabati la vyombo la mama yako lilijaa hadi mlango ukawa haufungi. Lakini mbona hata picha moja ya harusi yenu haipo ukutani? Na vile vitambaa alivyokufumia shangazi yako, viko sandukuni vinasubiri nini? Sebule ni ya kukaliwa, na anayekaa humo aonekane.

Kuhusu kijivu, nyumba ni yako na mumeo, mimi simo. Rangi ya maziwa ingeupokea vizuri ule mwanga wa manjano, lakini simo.

Kesho pima upana wa mlango wako, unipigie. Kochi lina futi saba, nami viti vilivyobaki hapa vinanitosha.

Baba yako