Soseji Inayovua Koti Ndani ya Mafuta

Ukurasa wa maswali wa toleo hili umejaa barua zinazohusu chakula kimoja: ile soseji ya Kimarekani inayochomekwa kijiti, ikachovywa katika rojo la unga wa mahindi na kukaangwa katika mafuta mengi. Wenyewe huiita koni dogi. Hapa nitaiita soseji ya kijiti, kwa sababu ambayo barua ya kwanza inaieleza vizuri kuliko mimi.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu mkubwa aliona koni dogi katika simu, akaniomba nimpikie kwa chai ya asubuhi. Nimejaribu mara mbili kwa sembe, maziwa na yai moja, na mara zote mbili rojo liliteleza likaanguka chini ya karai, soseji ikabaki uchi kwenye kijiti chake, na mafuta yakajaa makombo meusi. Isitoshe, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mgeni wetu, alipotafsiriwa na wajukuu jina la chakula hicho, yaani "mbwa wa mahindi", alisogeza sahani pembeni na kusema kwamba chai yake inamtosha. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nadhani kosa lilianza kabla hujakoroga unga. Soseji iliyotoka kwenye jokofu, hasa ile iliyokuwa imeganda, hutokwa na jasho kadiri inavyopata joto, na juu ya jasho hilo kuna utelezi wa mafuta na chumvi uliotoka katika pakiti yake. Ukiichovya ikiwa katika hali hiyo, rojo halina pa kushika. Na mara inapoingia katika mafuta ya moto, maji yale yaliyofichwa hugeuka mvuke, nao mvuke, katika kutafuta njia ya kutoka, hulisukuma rojo kwa ndani mpaka koti zima linavuka. Kwa hiyo ziache soseji ziyeyuke usiku kucha ndani ya jokofu, sehemu isiyogandisha, na asubuhi uzifute moja moja kwa kitambaa safi hadi kitambaa kisipate unyevu tena. Kisha uzivingirishe katika unga mkavu wa ngano na kuzikung'uta, ubaki utando mwembamba tu. Utando huo ndio gundi yenyewe, na ukiuruka, hakuna ufundi mwingine utakaokuokoa.

Vijiti vya mishikaki navyo viwe vikavu. Wengi wetu tumezoea kuviloweka kabla ya kuchoma nyama juu ya makaa, na huko ni sahihi kwa kuwa maji huvizuia visiungue, lakini kijiti kilicholowa kikiingia katika mafuta ya moto huyarusha mpaka usoni.

Jambo la pili ni sembe tupu. Mahindi hayana gluteni, ile protini ya ngano inayovutika na kushikana, na ndiyo maana rojo la mahindi peke yake hupasuka na kumomonyoka. Changanya kikombe kimoja cha unga wa mahindi na kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko vikubwa viwili vya sukari, vijiko vidogo vinne vya bekingi pauda na nusu kijiko kidogo cha chumvi; katika bakuli jingine piga yai moja pamoja na kikombe kimoja cha maziwa, kisha uunganishe vyote bila kukoroga sana. Kipimo hicho kinatosha soseji nane hadi kumi za ukubwa wa kawaida. Unga wa mahindi wanaoutumia Wamarekani ni wa manjano na una chenga, wakati sembe yetu imekobolewa na kusagwa laini, kwa hiyo koti lake hutoka laini mno, karibu na andazi. Mimi huweka nusu sembe na nusu dona, na sijaona sababu ya kuhangaika kutafuta unga wa kutoka nje.

Liache rojo litulie dakika kumi, kwani unga wa mahindi hunywa maji polepole, na rojo lililoonekana sawa mwanzoni litakuwa zito zaidi baadaye. Uzito unaotakiwa uko katikati: zito kuliko la chapati za maji, jepesi kuliko la kaimati. Likiwa gumu mno, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja. Halafu limimine katika bilauri ndefu badala ya bakuli, uizamishe soseji yote hadi pale kijiti kinapoanzia, na uitoe huku ukiizungusha taratibu. Kila soseji ichovywe wakati ule ule inapoingia kwenye mafuta. Ukizichovya zote na kuzipanga kwenye sahani, koti litahamia upande mmoja.

Sasa mafuta. Yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto achomeke ncha ya kijiti kikavu ndani yake: vipovu vikianza kupanda mara moja pembezoni mwa kijiti, kwa wingi lakini bila vurugu, mafuta yako tayari, yakifuka moshi, yamepita kiasi, nayo yataunguza koti kabla halijaiva ndani. Shika kijiti kwa koleo na uiweke soseji ielee ndani ya mafuta bila kugusa chini kwa sekunde kumi hivi, ili koti ligande kwanza, ndipo uiachie. Ukiiachia mapema italala chini ya karai na kunata, na nadhani hapo ndipo yalipotoka makombo yako meusi. Kaanga mbili au tatu kwa mkupuo, ukizigeuza, kwa dakika tatu hadi nne, mpaka ziwe na rangi ya andazi lililoiva vizuri. Vijiti virefu vipunguze vienee ndani ya karai.

Kuhusu mama mkwe, mfahamishe kwa heshima kwamba hakuna mbwa aliyeguswa. Kuziita soseji mbwa ni utani wa Wamarekani wa tangu karne ya 19, ambapo watu waliwashuku wauzaji juu ya nyama waliyoisaga humo ndani, kwa hiyo shaka yake ina wazee wake. Safari ijayo mpakulie kwanza, jina lije baadaye.

SWALI: Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa naishi Dallas, Marekani. Wenzangu kazini hushikilia kwamba chakula hiki kilizaliwa hapa Texas. Je, ni kweli? Tena ile inayouzwa ikiwa imeganda kwa ajili ya asubuhi ni tamu na haina ladha ya mahindi. Kwa nini?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Wenzako wana hoja, ila si wao peke yao. Ndugu wawili, Neil na Carl Fletcher, waliiuza katika maonyesho ya jimbo yanayofanyika kila mwaka hapo hapo Dallas, na mwaka unaotajwa sana ni 1942. Watu wa Oregon nao wana Pronto Pup yao ya kipindi hicho hicho, na huko Springfield, Illinois, Ed Waldmire alianza kuuza ya kwake mwaka 1946 kwa jina la Cozy Dog. Lakini kabla ya wote hao, mwaka 1927, Stanley Jenkins wa Buffalo, New York, aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chombo cha kukaangia vyakula vilivyochomekwa vijiti na kuchovywa katika rojo, soseji zikiwamo, akapewa mwaka 1929. Mimi ningesema kwamba Texas waliitia umaarufu kuliko kusema waliibuni, ingawa sikushauri uyaseme hayo kazini.

Ile ya asubuhi uliyoionja si ya mahindi. Ni soseji ndogo yenye viungo, iliyovikwa rojo la chapati nene za Kimarekani, ambalo ni la ngano, na huliwa pamoja na shira ya mti wa maple. Ukitaka kuitengeneza nyumbani, tumia unga wa ngano vikombe viwili badala ya kuchanganya, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha sukari na tone la vanila, na mahali pa shira uweke asali. Kwangu mimi, ya mahindi inakwenda na chai vizuri zaidi, kwa kuwa utamu haufuniki chumvi ya soseji.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Sisi tuko Muscat, na nyumbani tuna kikaango cha hewa. Nilipotia soseji zilizochovywa, rojo lote lilichuruzika likapita katika matundu. Kuna njia ya kuepuka mafuta mengi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kikaango cha hewa hakiwezi kupika rojo bichi, kwa sababu hewa hiyo, hata ikiwa na joto kali, haiwahi kuligandisha koti kabla halijachuruzika. Mafuta hufanya hivyo papo hapo kwa kuwa yanaizunguka soseji pande zote. Kinachofaa ni kuacha vijiti, ukamimina rojo lile lile katika vikombe vya keki ndogo vilivyopakwa mafuta, ukadidimiza kipande cha soseji katikati ya kila kimoja, na kuoka katika oveni yenye nyuzi 200 kwa muda wa dakika kumi na tano. Si kitu kile kile, kwa kuwa ukavu wa nje hukosekana, lakini watoto huvila. Kikaango chako kiweke kwa kupashia moto zile zilizokwisha kukaangwa. Katika kazi hiyo hakina mpinzani.

SWALI: Shangazi, hapa Nairobi smoki, zile soseji za moshi, ndizo rahisi kupata. Je, zinafaa? Na soseji mbichi za buchani?

JIBU: Smoki zinafaa kwa kuwa zimekwisha kuiva na kukaushwa kwa moshi, hivyo dakika zile nne ni za kuiva koti tu. Chumvi usitie katika rojo, waliyoitia kiwandani inatosha. Soseji mbichi ni habari nyingine: koti litageuka kahawia wakati nyama ya katikati bado ni mbichi. Zichemshe kwanza kwa moto mdogo hadi ziive kabisa, yaani nyuzi 71 katikati kwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa na nyuzi 74 kwa ya kuku, kisha zipoe na kukaushwa kama nilivyomweleza dada wa Tanga.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba, mkazi wa Mwanza. Watoto wanaondoka kwenda shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sasa wanataka chakula hiki kila siku. Mke wangu anakataa, nami ninaona nyama ni nyama. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, kinaweza kuandaliwa mapema?

JIBU: Marahaba. Mkeo yuko sahihi. Soseji ni nyama iliyosindikwa kwa chumvi na vihifadhi, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama ya namna hiyo katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, wakikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Soseji moja ya kawaida haiko mbali na uzito huo. Neno la kushika hapo ni "kila siku". Mara moja kwa wiki, tuseme Jumamosi, pamoja na tunda na kikombe cha maziwa, sioni ubaya. Siku nyingine wale mayai, maharage au viazi vitamu.

Ikiwa nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka minne, asipewe soseji ikiwa nzima wala vipande vya duara, kwa maana umbo hilo huziba koo lake barabara. Chomoa kijiti, uipasue soseji kwa urefu mara nne, kisha uikatekate. Hata kwa wakubwa, ikate kwa mkasi ncha kali ya kijiti kabla ya kuchomeka.

Kuandaa mapema kunawezekana, ila usilaze rojo, kwa sababu bekingi pauda huanza kazi mara inapopata maji na hadi asubuhi nguvu yake itakuwa imepungua sana. Changanya unga mkavu usiku, maziwa na yai viingie asubuhi. Au zikaange zote Jumapili, zipoe, uzigandishe zikiwa zimetengana, na asubuhi uzipashe katika oveni yenye nyuzi 190 hadi ziwe moto katikati, dakika kumi na tano au zaidi kidogo. Maikrowevu hulegeza koti likawa kama mkate uliomwagikiwa chai.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanafunzi, natumia jiko la mkaa. Joto la mafuta nitalidhibiti vipi? Na rojo likibaki nifanye nini?

JIBU: Makaa yashike yote kwanza, yasibaki meusi, ndipo uweke karai, moto ukizidi, nyunyizia makaa majivu na ufunge kidirisha cha jiko, nao ukififia fungua tena. Karai lisijazwe mafuta zaidi ya nusu, likae juu ya jiko lisiloyumba, na kamwe usimwagie maji mafuta yakishika moto: lifunike kwa mfuniko.

Rojo linalobaki katia kitunguu na pilipili kidogo, uchote kwa kijiko na kudondoshea katika mafuta yale yale, utapata vidonge vya mfano wa kaimati zisizo na shira. Wamarekani wa majimbo ya kusini hula vidonge hivyo kwa samaki wa kukaanga, na ni kitafunio kizuri cha jioni. Dada wa Tanga naye anaweza kumpelekea mama mkwe, mradi asimtajie jina lake la Kiingereza, kwa maana nalo maana yake ni "nyamazeni, vijibwa".