Jibu: Serikali ya Uingereza haikuwa mtazamaji

Ndugu, umeuliza kama utumwa katika makoloni ya Uingereza huko Amerika ulikua kwa tamaa ya walowezi peke yao, huku serikali ya London ikitazama kwa mbali. La hasha. Sheria ya mwaka 1660 ilielekeza kuwa sukari na tumbaku ya makoloni isipelekwe kwingine ila Uingereza na himaya zake, na hazina ikavuna ushuru. Mwaka 1672 Mfalme Charles II aliipa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyoongozwa na nduguye James, haki ya pekee ya biashara ya Afrika Magharibi. Na Bunge lilipowafungulia mlango wafanyabiashara wengine mwaka 1698, idadi ya mateka waliovushwa bahari iliongezeka sana.

Sheria inayosahauliwa, nami naiona nzito kuliko hizo, ni ile ya madeni ya mwaka 1732. Ilimruhusu mkopeshaji wa Uingereza kudai ardhi na watumwa wa mdaiwa wake vikamatwe na kuuzwa. Kwa hiyo mikopo ilitolewa bila hofu, mwenye shamba akanunua watu zaidi, na watu hao hao wakawa dhamana. Bwana aliposhindwa kulipa, mama aliweza kunadiwa huku na mwanawe kule.

Hata baraza la koloni la Virginia lilipomwomba Mfalme George III mwaka 1772 aruhusu uingizaji wa watumwa uzuiwe, ingawa hofu ya maasi ilikuwa miongoni mwa sababu zake, ombi hilo halikukubaliwa.