Kasi au usingizi?

Mkuu, umeuliza kama kupunguza kasi ya prosesa ndiko kunakookoa chaji zaidi. Hapana, kompyuta ikiwa imekaa bure, kinachookoa chaji zaidi ni usingizi mzito wa prosesa, siyo kupunguza kasi yake. Ngazi za usingizi huo huitwa kwa herufi C na namba, namba ikipanda usingizi unazidi: C0 ni kazini. C1 ni kusinzia tu: kiini (sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe) kimesimama lakini umeme bado upo. Kwenye C6 kiini kinaweka kando hali yake, kisha kinakatiwa karibu umeme wote. Kuamka C1 ni maikrosekunde chache, C6 ni makumi hadi zaidi ya mia, ndiyo maana mfumo wa Linux hubashiri kwanza mapumziko yatakuwa marefu kiasi gani. Ikilala fofofo halafu ikaamshwa papo hapo, ni hasara tupu.

Nina kibanda cha kuchapa huku Mikindani, umeme ukikatika nahamia sola. Msimu wa korosho uliopita betri ilikuwa inaniishia saa nane mchana. Nikafungua powertop, programu ya Linux ya kuangalia matumizi ya umeme: viini vyenyewe vinafika C6, ila prosesa kwa ujumla wake imekwama C2. Mchawi? Flashi ya mteja, kaisahau kwenye tundu! Nilipoichomoa, wati zikashuka toka 9 hadi 6 hivi.

Cheki pia kama kuna aliyekuwekea intel_idle.max_cstate=1 (huzuia prosesa isilale zaidi ya C1) kwenye mstari wa kuwashia kerneli, moyo wa Linux. Wengi huiweka kuzuia mashine kuganda, wakaisahau humo. Hiyo ni ya prosesa za Intel tu lakini, kama yako ni AMD usihangaike nayo.