Maswali ya Wasomaji: Kizidishi cha Pili Kimekaa Bure

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Nasomea uhandisi hapa Mombasa, na nimeunda prosesa ndogo ya kuchuja sauti kwenye bodi ya FPGA (chipu ambayo saketi zake unaweza kuzipanga upya). Nimeongeza kizidishi cha pili na kuiarifu kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa), lakini programu haikupungua hata pigo moja la saa inayoongoza mwendo wa prosesa. Je, kompaila ndiyo haijui kupanga maagizo?
Msomaji, Kisauni

Jibu: Waalaykum salaam. Kabla hujailaumu kompaila, hesabu milango ya kusomea rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. Mchoro ulioniletea una miwili, na kila kuzidisha kunataka namba mbili kwa pigo moja, kwa hiyo kizidishi cha pili hakipati cha kuzidisha. Ni kama kuongeza feri Likoni na kuacha gati moja la kupakilia.

Kompaila yako, kwa kweli, inafanya kazi nzuri. Chukua jumla ya mazao manne (majibu manne ya kuzidisha), ambapo kuzidisha huchukua mapigo 3 na kujumlisha pigo 1. Maagizo yakifuata mpangilio wa kawaida, yaani zidisha mara mbili, jumlisha, zidisha tena, jumlisha, kila jumla inasubiri zao lake na kazi inakwisha kwenye pigo la 13. Kompaila hutazama ni agizo gani linalotegemea jingine, kisha, miongoni mwa yaliyo tayari, hutanguliza lile lenye safari ndefu zaidi hadi mwisho: kuzidisha kote kunne kunaanza kwenye mapigo ya 1 hadi 4, kujumlisha kunafuata kwenye la 5, la 6 na la 7, basi. Mbinu ya Joseph Fisher ya mwaka 1981, inayovusha maagizo ng'ambo ya matawi ya programu (mahali inapochagua njia ya kufuata), haikuhusu bado, kwa kuwa kichujio chako hakina tawi ila lile la kurudia.

Ningekuwa wewe, ningekiondoa kizidishi hicho na kuvuta njia ya moja kwa moja kutoka kizidishi cha kwanza hadi kijumlishi kinachoshika jumla yake chenyewe. Kujumlisha hakutahitaji tena milango ya rejista, na katika kichujio kirefu, ukiacha muda wa kuleta data kutoka kwenye kumbukumbu, kila hatua itagharimu pigo moja badala ya mawili.

Njia hiyo lazima uiandike katika maelezo ya mashine yanayosomwa na kompaila, pamoja na mapigo halisi ya kila kifaa. Ukiandika kwamba kuzidisha huchukua pigo 1, na prosesa haina saketi ya kuisimamisha hadi jibu liwe tayari, kijumlishi kitasoma namba ya zamani, na utakachosikia kwenye spika si kuchelewa bali sauti iliyoharibika.