Kuwapeleka vijana Maziwe

Dada, umesema unavusha vijana 15 wa madrasa kutoka Pangani kwenda Maziwe, na wengi hawajui kuogelea. Inawezekana, lakini kabla ya bei muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Maziwe ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakijaa hulifunika. Saa ya maji kujaa hubadilika kila siku, huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo usitumie ratiba ya waliokwenda wiki iliyopita.

Jaketi za kuokolea kila mtu aivae nchi kavu, mikanda ikiwa imefungwa. Kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi: ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, itamtoka majini. Nahodha akisema "zipo chini ya kiti, zitatolewa tukifika kina", tafuta boti nyingine. Mimi hapo sibishani.

Upepo wa kusi ukivuma, ondokeni alfajiri, mchana bahari huchafuka. Chukueni turubai la kivuli na maji mengi ya kunywa. Hesabu vichwa mkipanda na mkishuka, na mwachie mtu wa pwani saa ya kurudi.