Re: Kukadiria kLa ya oksijeni kwenye tangi la lita 20

Mkuu, umeuliza kama kLa (kipimo cha kasi ya oksijeni kuingia majini kutoka hewani) ya kitabuni itafaa kwa tangi lako la kupulizia hewa. Mimi nisingeiamini. Fomula zile zinafuata umbo la tangi na ukubwa wa mapovu, na sabuni kidogo tu iliyobaki majini huvuruga kila kitu.

Pima mwenyewe. Fukuza oksijeni kwa naitrojeni mpaka kipimio kikaribie sifuri, fungua hewa, andika usomaji kila sekunde 5. Chora logi asilia (ln) ya (C* − C) dhidi ya muda; C ni oksijeni iliyoyeyuka unayoisoma, C* ni kiwango cha juu ambacho maji yanaweza kushika yakiwa na hewa hiyo. Mteremko, ukiondoa alama ya hasi, ndio kLa.

Mwanzo wa mstari ukipinda, shuku kipimio kwanza. Kikihitaji sekunde 30 kufikia 63% ya badiliko, na kLa yako ni kama 0.03 kwa sekunde, hapo unapima uzembe wa kipimio, si maji!

Halafu C*: 9.1 mg/L kwa 20°C ni ya usawa wa bahari. Kwa Nairobi, ambako kanieneo ya hewa iko chini, weka kama 7.4. Joto likiwa tofauti, gawanya kLa kwa 1.024^(T − 20), T ikiwa joto la maji kwa °C, upate ya 20°C.