Barua kwa mwanangu: fimbo namba 5 au namba 6

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Mama yako katoka zamu ya usiku na bado amelala, nyumba imetulia, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukujibu. Umeuliza hivi: mwezi wa 7 mnapanda Ammarnäs, huko milimani kaskazini mwa Sweden, kuvua samaki, wewe na mumeo na wale rafiki zenu wawili, je, uende na fimbo yako ya kuvulia ya zamani namba 5, au ununue namba 6 kwa kuwa muuzaji amekwambia huko juu kuna upepo?

Upepo upo, hakukudanganya. Lakini mwulize namba hiyo maana yake nini. Katika uvuvi huu wa nzi wa bandia harushwi nzi, inarushwa kamba. Nzi ni manyoya na uzi tu, hana uzito, anaifuata. Mita 9 za mwanzo za kamba namba 5 zina gramu 9 hivi, za namba 6 zina gramu 10 na kitu. Ndiyo tofauti yote hiyo. Inakufaa ukirusha nzi mkubwa huku upepo umekukabili usoni. Inakugharimu ukiwa na nzi mdogo na uzi mwembamba, ule unaounganisha kamba na nzi, kwa sababu fimbo ngumu haipokei mshtuko wa samaki, unakwenda wote kwenye uzi. Mimi ninayo kauli yangu, na wewe unaijua kabla sijaisema, lakini umeshakuwa mtu mzima na pesa ni zako. Nanyamaza.

Ila hukuniuliza kuhusu mwisho wa uzi. Nimekuimbia tangu ukiwa mdogo: samaki haponyoki majini, huponyoka kwenye fundo.

Kwa harr, yule samaki wa mito baridi ya huku, uzi wa mwisho uwe wa milimita 0.15 ukitumia nzi mdogo, namba 16, na 0.18 kwa wakubwa kidogo, namba 14 na 12. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uizungushe ncha yake juu ya uzi wenyewe: mara 5 kwa ule wa 0.18, mara 6 kwa ule wa 0.15, kwa maana uzi ukiwa mwembamba unataka mizunguko zaidi ili ujishike. Rudisha ncha kwenye kitundu kilicho karibu na ndoana, kisha uipitishe katika kile kitanzi kikubwa ulichokitengeneza. Sasa lilowe fundo kwa mate. Si hiari hiyo. Uzi mkavu ukivutwa unajisugua, unapata moto na kupoteza nguvu pale pale unapozihitaji. Vuta taratibu bila kushtua, mizunguko ilale sambamba kama kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Ukiona mmoja umepanda juu ya mwingine, kata, anza upya. Bakisha milimita 2 za ncha. Kisha pachika ndoana kwenye pete ya koleo uvute kwa nguvu, ukatike sasa hivi mkononi mwako kama una nia ya kukatika.

Babu yako Pangani alivua samaki aina ya changu kwa mshipi wa mkono, na hakuwahi kukaza fundo kabla halijaingia kinywani. Hakuna aliyemfundisha habari ya joto la msuguano.

Unalikumbuka lile jiwe jeusi, mwaka ule mjomba wako alipokuja kutoka Tanga akavaa makoti mawili mwezi wa 8? Harr alikuwa amekaa nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyolala, anapanda kila baada ya dakika mbili. Ulimrushia mara nne akamkataa nzi, kwa kuwa kamba ilipiga tumbo kwenye maji ya kasi ikamkokota nzi, akawa anaacha mstari nyuma yake kama mtumbwi. Mara ya tano ulilinyanyua lile tumbo la kamba ukalirusha upande maji yanakotoka kabla halijaanza kuvuta. Nzi akaelea bure, kama kitu kisichofungwa popote. Harr akapanda polepole, lile pezi la mgongoni limesimama kama tanga, akachukua. Na ulisubiri kidogo kabla ya kuinua fimbo, kama inavyotakiwa, kwa maana harr hupanda kutoka chini na kinywa chake ni kidogo. Kila kitu ulifanya sawa.

Akakimbia mara moja, uzi ukalegea. Nikapiga kelele mbele ya watu: "Umemkaza mno!"

Sasa sikiliza. Uzi ukikatika kwa kukazwa, ncha yake hubaki imenyooka. Fundo likiteleza, ncha hubaki imejikunja kama mkia wa kinyonga. Niliishika ncha ile, ilikuwa imejikunja mara tatu. Fundo nililifunga mimi, asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Nilizungusha mara tatu badala ya tano na sikutia mate kwa sababu mjomba wako alikuwa ananiharakisha na chupa ya chai. Nikaikata ile ncha nikaitia mfukoni. Wewe ukapewa pole kwa kosa lisilo lako, na jioni yote ulikaa unatazama moto.

Labda ulimkaza kidogo pia. Hapana, hukumkaza. Ningekuwa na ncha iliyonyooka ningesema.

Basi nijipinge kidogo, usije ukafika mtoni na fundo zuri ukadhani umemaliza. Chunguza uzi kila baada ya nusu saa, uupitishe kati ya kidole na gumba. Upepo hufunga vifundo vidogo katikati ya uzi wakati wa kurusha, na kifundo kimoja cha hivyo kinakula karibu nusu ya nguvu. Na uzi wa msimu wa zamani, uliokaa dirishani juani, utupe wote, jua linaula. Kwa hiyo hata huo upepo wa muuzaji wako, madhara yake makubwa yako kwenye uzi. Unaona ninakokupeleka, lakini nilisema nanyamaza.

Ndoana zibane kwa koleo kile kijino cha karibu na ncha, zitoke bila kuchana mdomo. Lowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, mshike akielekea maji yanakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Mumeo afunge mkanda juu ya ile suruali ya maji, na ukaze. Akianguka, mkanda ndio unaozuia isijae. Alale chali, miguu itangulie. Mbu wa huko hawana malaria, ila wana njaa. Kadi ya uvuvi nunueni kabla, na msome kilichoandikwa kuhusu urefu wa samaki wa kubeba.

Na kama wale rafiki zenu watataka kuvuka kwenda kuvua Norway, vifaa vyote vikauke kabisa kwanza au vipitishwe dawa, hadi wavu wa mkono na soli za viatu. Kuna kimelea kinachoitwa Gyrodactylus salaris: samoni wa mito ya Baltiki wanakivumilia, wale wa Norway kinawaua, na kinasafiri kwenye maji ya tone moja. Hapo usikubali mzaha wa mtu.

Mtapita hapa Umeå, njia ya 363 ya kwenda Ammarnäs inaanzia huku. Lala kwetu usiku mmoja. Mama yako atapika pilau, nami nataka nikuone ukifunga fundo moja mezani, na uje na hiyo fimbo namba 5 hata kama umeshanunua nyingine.

Baba yako